Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Watu wa Ipinda waliposikia kwamba Ambilikile Mwakibinga anatafuta gari la kununua, walicheka kwanza, kisha wakaanza kumpangia. Ndivyo walivyo hao. Mtu akinunua jembe tu watamchagulia mpini, sembuse gari. Kila aliyekutana naye njiani alikuwa fundi, na kila fundi alikuwa na neno moja: pikapu. Chukua pikapu, mzee. Itabeba kokoa, itabeba mpunga, itabeba maiti na waombolezaji wake, na siku ukiichoka utaiuza kwa bei ile ile.

Ambilikile aliwaitikia ndaga, ndaga, asanteni, akapita zake. Moyoni alitamani wavuke mto Songwe wote wakawashauri Wamalawi.

Hakuwa mgeni wa magari, huyo. Miaka thelathini aliendesha lori la chama cha ushirika, akizoa mazao vijijini na kuyafikisha Kyela mjini, mara nyingine mpaka Itungi kupakiwa melini. Chama kilipolegea na malori yakabaki juu ya mawe bila matairi, alirudi kwenye mikokoa yake. Halafu soko huria likaingia. Wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao na fedha mkononi, na kokoa ambayo zamani malipo yake yalichelewa mpaka mtu anasahau alichouza, sasa ililipwa papo hapo. Wenzake waliezeka bati, wakanunua redio kubwa. Yeye aliweka misimu miwili mizima bila kugusa, na alipoulizwa sababu alisema ni magoti, uzee, baiskeli imemshinda.

Uongo mtupu. Magoti yake yalikuwa mazima. Sababu ilikuwa Beatrice.

Beatrice ni mke wa Eliya, mtoto wake wa pekee wa kiume, aliyekuwa baharia wa meli za Itungi, mtu wa kuondoka leo na kurudi baada ya siku kumi. Na hapa lazima jambo lisemwe, maana mgeni atapotea. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Si chuki, ni heshima, tena kali. Beatrice akisikia kikohozi chake aliacha njia akaingia migombani. Yeye naye kabla ya kuzunguka kona ya nyumba yake mwenyewe alikohoa kama mgonjwa wa kifua. Hawakukaa chumba kimoja, hawakusemezana, na jina la mzee lilikuwa haliingii kinywani mwa binti yule hata kwa bahati mbaya. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kuicheka mila hiyo, lakini kwa Mwakibinga ilishikwa. Miaka minne Beatrice ameolewa pale, na Ambilikile alimjua kwa mgongo wake tu na kwa mdundo wa mchi wake kinuni.

Sasa, mwaka uliotangulia, Beatrice akiwa na mimba ya miezi minane, uchungu ulimshika kabla ya wakati. Eliya yuko ziwani. Ikapatikana pikapu ya mfanyabiashara, imejaa magunia ya kokoa, na mbele ina nafasi ya mtu mmoja tu kando ya dereva. Nani aketi mbele? Hakuna hata aliyeuliza. Mzee akaketi mbele. Beatrice akapandishwa peke yake juu ya magunia, maana huko hapakuwa na pa kumweka mtu wa pili, na Naomi, mama mkwe wake, akaambiwa afuate kwa baiskeli na nguo. Dereva alikuwa kijana mwenye haraka. Karibu na mjini gari liliruka shimo, Beatrice akarushwa, akaangukia ukingo wa bodi. Jioni ile alizaa mtoto wa kiume ambaye hakupumua.

Ambilikile angeweza kushuka. Angepanda yeye kwenye magunia, binti akaketi kwenye kiti, na mila isingevunjika wala kuguswa. Lilikuwa jambo la dakika moja. Hilo ndilo lililomla usiku na mchana, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mtu aliyestahili kuambiwa ndiye hasa asiyeruhusiwa kusema naye.

Mwaka tisini na saba, mwezi wa kumi na moja, Naomi alimnong'oneza kwamba mkwe wao ana mimba tena, ya miezi mitano. Basi, utulivu ukamtoka. Alianza kuzunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Chakula hakimalizi. Asubuhi anamuuliza mkewe anaendeleaje, mchana anauliza tena, mpaka Naomi akamwambia kama kuuliza kungekuwa dawa, binti angekuwa amekwishajifungua mapacha.

Ndipo alipokwenda mjini kwa Abdulrahim. Huyu alikuwa mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka Kilwa, mwenye duka la vitambaa na saruji, na tangu milango ya biashara ifunguliwe alikuwa anateremsha kutoka Dar magari yaliyotumika Japani. Siku ile uani kwake yalikuwapo mawili. Moja pikapu ya dizeli, bodi imara, bei ya kuvutia. Jingine gari dogo la bluu, milango minne, injini ndogo, ghali zaidi kwa karibu nusu ya bei ya pikapu. Hili halinywi mafuta, Abdulrahim alimwambia, linaonja tu.

Ambilikile alivua koti akalala chini ya magari yote mawili. Alibonyeza matairi, akanusa mafuta ya breki, akatikisa magurudumu. Halafu akafungua mlango wa nyuma wa gari dogo, akavuta mkanda wa kiti, akauachia, akauvuta tena kwa nguvu ya ghafla ili auone unavyoshika. Abdulrahim alibaki kumtazama. Tangu aanze kuuza magari, hakuwahi kuona mteja anakagua mkanda wa nyuma. Watu walikuwa wanauliza redio. Akamweleza kwa nia njema kwamba mikanda hiyo wengine huikata wakafungia mbuzi.

Mzee alitoka nje. Akanunua mikungu miwili ya ndizi mbichi kwa mama mmoja wa barabarani, akarudi nayo mabegani, akaomba funguo za pikapu.

Walikwenda barabara ya Itungi, iliyonyooka, Abdulrahim kando yake. Mkungu mmoja ulikuwa nyuma kwenye bodi. Ambilikile akakoleza mwendo, kisha akakanyaga breki kwa mguu mzima. Mkungu uliteleza ukaja kugonga ukuta nyuma ya vichwa vyao kwa kishindo, na waliposhuka walikuta vichane viwili vimechanika vyote. Wakarudi, wakachukua gari dogo. Mkungu wa pili aliuketisha kiti cha nyuma akaufunga mkanda, taratibu, kama anamfunga mtu. Akakoleza, akakanyaga. Gari likasimama pale pale, bila kwenda upande. Mkungu uliinama mbele kidogo, ukarudi ukakaa. Akafanya tena. Akafanya mara ya tatu, na Abdulrahim sasa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mzee wangu," akasema, "unanunua gari au unanunua ndizi?"

Ambilikile hakucheka. Alishuka akafungua mlango wa nyuma, akaugusa mkungu ule, ndizi zote mahali pake. Alisimama hapo muda mrefu mpaka Abdulrahim akaanza kuona haya kwa utani wake.

Walipatana. Kasoro ilikuwa moja: kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa kimevunjika kikang'oka. Abdulrahim akaahidi kuagiza kingine, na kwa kasoro hiyo akapunguza bei. Mzee, aliyekuwa amebakiza fedha kidogo sana, akakubali haraka. Vioo viwili vinatosha, alijiambia, cha kulia na kile cha kati.

Alipofika nyumbani na gari lake, mdogo wake Andongwisye alilizunguka mara mbili mikono nyuma. Huyu alikuwa mtu wa mila, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Kaka," akasema, "hili gari lina chumba kimoja. Mkwe wako utamweka wapi?"

Si kwamba Ambilikile hakuwa ameliwaza. Aliliwaza njia nzima. Eliya hakujua kuendesha. Kukodi dereva? Dereva wa kukodi alishamwona mwaka jana, hamtaki tena. Kijiji kizima mwenye leseni alikuwa yeye. Siku tatu walibishana, Andongwisye akisema rudisha, chukua pikapu, kila mtu akae pake kwa adabu. Mwishoni Naomi akaleta kitenge chake cha maua mekundu. Wakafunga kamba kutoka upande huu wa paa hadi ule, nyuma ya viti vya mbele, kitenge kikashuka mpaka chini. Mbele chumba cha mzee, nyuma chumba cha mkwe. Andongwisye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Watoto wakaliita gari la bibi harusi.

Ambilikile akaketi, akatazama kioo cha kati. Akaona maua mekundu. Alijua maana yake, dereva wa miaka thelathini hakosi kujua. Akajipoza kwamba hata lori halina kioo cha kati. Kweli, lakini lori lake lilikuwa na vioo viwili vya pembeni, na hili lilikuwa na kimoja. Akalifumbia macho. Kila wiki alimtuma mtu kwa Abdulrahim, na kila wiki kioo kilikuwa njiani.

Mkanda, hata hivyo, hakuufanyia mchezo. Alikwenda kliniki kumuuliza nesi mwanamke mwenye mimba anafungwaje, wanawake kwenye foleni wakimcheka waziwazi. Kisha akasimama nyuma ya jiko, uso umeelekea migomba, akamsomesha Naomi kwa sauti, na Naomi akamfundisha Beatrice ndani ya gari. Wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Usipite juu ya tumbo. Mwambie asiupitishe juu ya tumbo. Ameelewa? Naomi akajibu ameelewa tangu mara ya kwanza, na majirani nao wameelewa, na mbuzi pia.

Mvua za msimu ule zilikuwa za kutisha. Mito ilijaa, mpunga ukazama, barabara ikaliwa pembeni. Ambilikile aliamka kila asubuhi akawasha gari, akasikiliza injini, akazima. Mwezi wa pili ukaisha. Mwezi wa tatu, dada yake Naomi akafariki Matema, na wanawake wote wa jirani wakaenda kulala msibani pamoja naye. Eliya naye alikuwa ziwani. Naomi aliondoka akisema siku zilizobaki ni nyingi, atarudi Jumamosi.

Alhamisi saa saba mchana, mvua ikiwa imekatika, Ambilikile alikuwa anageuza kokoa kwenye mikeka. Akasikia mlango wa gari ukifungwa. Akageuka. Uani hapana mtu. Kinu kimeachwa na mchi ndani. Kitenge kwenye gari kilikuwa kinacheza kidogo, halafu kikatulia.

Alielewa. Aliacha kokoa kwenye mikeka, mvua ikija ije, akaingia mbele bila kugeuza shingo, akaondoa gari.

Jamani, safari ile. Nyuma yake alisikia pumzi, zinapanda, zinakatika, zinaanza upya. Shimo dogo tu moyo ulimruka. Akienda polepole anaona anamchelewesha, akiongeza mwendo anaona magunia ya pikapu ile. Na swali moja halikumwacha: amefunga mkanda? Kumuuliza hawezi. Kutazama hawezi. Alitoka jasho mpaka usukani ukateleza.

Mwishoni akaligeukia gari. Akapiga dashibodi kwa kiganja akasema kwa sauti, kama anamgombeza ng'ombe: "Wewe gari. Mkanda huko nyuma umefungwa?"

Akasikia kitu kikivutwa, na mlio wa chuma, tak. Alimshukuru Kyala, Mungu wake, kwa sauti, na safari hii hakujifanya anasema na gari.

Walifika penye daraja la mbao wakakuta lori limekwama katikati, gurudumu moja limezama kati ya mbao, watu wanalisukuma na matope yamewafika magotini. Halitoki leo, mmoja akamwambia. Njia ya zamani, ile ya kupitia mashamba ya mpunga, ilikuwa imebaki nyuma hatua kama sitini, na barabara ilikuwa nyembamba, huwezi kugeuza. Ikabidi arudi rivasi.

Ambilikile akaingiza gia, akatazama kioo cha kulia. Upande wa kulia ulikuwa safi. Kioo cha kati kilikuwa na maua mekundu. Upande wa kushoto akakisia, akiutegemea uzoefu wake wa miaka thelathini, na gari likaanza kurudi nyuma. Pumzi za nyuma zilikuwa zimeongezeka. Akaongeza mwendo.

"Tata, simama," sauti ikasema. "Kushoto hakuna ardhi."

Haikuwa sauti kubwa, na ilikuwa imemwita baba. Alikanyaga breki kwa mguu mzima, na gari likashika pale pale.

Alishuka akazunguka. Mafuriko yalikuwa yameimega barabara upande ule, na chini maji ya kahawia yalikuwa yanakwenda mtoni. Gurudumu la nyuma, chini kabisa ya kiti alichokalia Beatrice, lilikuwa limesimama juu ya udongo usiozidi upana wa kiganja, na udongo wenyewe ulikuwa unadondoka. Alinunua breki, akanunua mkanda, akamsumbua Abdulrahim na ndizi, na bado alitaka kumuua mkwe wake kwa kipande cha kitenge. Alijiambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Akarudi kwenye usukani. Akasogeza gari mbele taratibu mpaka likakaa salama. Kisha akanyoosha mkono nyuma, akashika kitenge na kukivuta, kamba ikakatika, kikaanguka.

Kwenye kioo cha kati akamwona. Binti alikuwa ameuma pindo la kanga, jasho linamtiririka, na kwenye paji la uso alikuwa na kovu refu, limepita juu ya nyusi. Kovu lile Ambilikile hakuwahi kuliona. Wakati ule aliambiwa habari ya tumbo tu. Beatrice akainamisha macho.

"Beatrice," akasema. Hakuwahi kumwita. "Mwaka juzi mimi nilikaa mbele. Ningeshuka. Ningekuachia kiti."

Uchungu ulikuwa umemshika, hakuweza kujibu. Mzee akangoja, mikono kwenye usukani. Ulipopoa, Beatrice akasema huku bado ametazama magoti yake.

"Nilitaka kugonga kile kioo cha nyuma, tata. Dereva alikuwa anakimbiza, nikaona kabisa tutaanguka. Niliinua mkono nigonge. Nikaona kichwa chako, nikaushusha."

Darajani watu walikuwa wanahesabu moja, mbili, tatu, wanasukuma, lori haliendi. Ambilikile alitazama mbele. Muda wote ule alidhani kosa lake lilikuwa kiti. Kumbe hata kichwa chake tu, kule kuwapo kwake upande wa pili wa kioo, kulitosha kumnyamazisha mtu anayeona kifo kinakuja.

"Mkanda uko chini ya tumbo?" akauliza.

"Uko chini, tata."

"Basi tazama kushoto. Kwangu huko ni giza. Ukiona naharibu, sema. Usingoje."

Beatrice akageuza shingo, akafuta dirisha kwa kiganja. Gari likaanza tena kurudi nyuma. Njoo, akasema. Njoo. Kata kulia kidogo. Basi. Walipoipata njia ya zamani hakunyamaza, alikuwa amefunguka, na uchungu ukimshika alisema kwa meno yaliyoumana. Shimo, tata. Polepole hapo. Sasa ongeza. Ongeza, tata, ongeza. Na Ambilikile Mwakibinga, ambaye katika miaka thelathini hakumvumilia hata utingo amwelekeze njia, aliitikia ndiyo, ndiyo, kwa kila shimo mpaka geti la hospitali, machozi yanamshuka na hayafuti, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Mtoto wa kike alizaliwa saa kumi kasoro dakika chache. Babu yake alikuwa nje, amesimama chini ya dirisha kwenye mvua iliyoanza upya, na alimsikia analia.